Kindi na Hadithi ya Nyuki

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, sufuria zao na shule yao, alikuwapo Kindi, mwanafunzi wa darasa la pili. Wenzake walimwona mwerevu kuliko wote. Kumbe Kindi hakujua kusoma. Herufi moja moja alizitambua, lakini zikiungana zilimvuruga, na kuuliza aliona haya.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Korongo alisimama mbele ya darasa.

"Wiki hii tuna kazi nyingi," alisema. "Tutahesabu kokwa, tutafinyanga vyungu, tutapanda mchicha. Na Ijumaa wazazi wakija, kila mmoja atawasomea hadithi ya nyuki."

Moyo wa Kindi ukapiga pu!

Wakati wa mapumziko alimwendea Kiboko, aliyekaa nyuma kwa sababu ya ukubwa wake.

"Kaka Kiboko, Mwalimu amenituma nikusikilize ukisoma."

"Amekutuma wewe?"

"Mimi. Anza ukurasa wa kwanza."

Kiboko akasoma neno kwa neno, jasho likimtoka. Kindi alitikisa kichwa kama mkaguzi, huku akimeza kila neno.

"Umesoma sawasawa," alisema. "Rudia."

Jumanne, baada ya kuhesabu kokwa, alimfanyia Nyati, aliyekaa karibu na Kiboko, vivyo hivyo kwa ukurasa wa pili. Basi hadithi yote ikawa kichwani mwake. Jumatano, mikono ikiwa imejaa udongo wa kufinyanga, Kiboko aliomba kusikilizwa tena. Kindi alimwitikia "ehe, ehe," lakini mawazo yake yalikuwa kwenye chungu.

Alhamisi, wakimwagilia mchicha, Kiboko alimpa ndizi mbivu.

"Ya nini hii?" Kindi akauliza.

"Ya kukushukuru. Nilikuwa nakwama kila mstari. Jana nimemsomea bibi yangu, akafurahi mpaka akatoa machozi."

Kindi alitafuna ndizi ile polepole. Alitamani kusema ukweli. Akajiambia, baadaye.

Ijumaa wazazi wakajaa darasani. Mama Kindi alikaa mbele, amevaa kanga mpya. Nyati alisoma, akapigiwa makofi. Kiboko alisoma bila kukwama hata mara moja. Kindi hakuwasikiliza, alikuwa akirudia maneno yake moyoni. Ikawa zamu yake. Alifungua kitabu, akaanza kwa sauti kubwa:

"Nyuki wanaishi kwenye mizigo."

Darasa likacheka, kwa kwa kwa.

"Angalia vizuri neno la mwisho," Mwalimu Korongo alisema.

Kindi akaangalia. Aliona herufi, hakuona neno.

"Kwenye… mizigo," alirudia, safari hii kwa sauti ndogo.

Kiboko akainua mkono polepole. "Mwalimu, hilo ni kosa langu la Jumatatu. Ni mizinga. Nililirekebisha Jumatano, nikiwa nasoma mbele yake." Kisha akamgeukia Kindi. "Lakini Jumatatu uliniambia nimesoma sawasawa."

Masikio ya Kindi yaliwaka moto. Alimtazama mama yake; mama yake alikuwa anatazama sakafu.

"Sijui kusoma," Kindi alisema. "Mwalimu hakunituma. Niliwadanganya mnisomee, nipate kukariri."

Alingoja wamzomee. Hakuna aliyezomea. Kiboko aliuliza tu, "Kwa nini hukuniomba? Ningekusomea."

Swali hilo lilimuuma kuliko kicheko chote.

"Kuanzia leo utakaa nyuma, kati ya Kiboko na Nyati," Mwalimu alisema.

Kindi alipita mbele ya wazazi wote, mkia umelala chini. Kiboko akasogea kumpa nafasi, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Herufi hizi mbili zikikaa pamoja, zinasomwaje?"

"Sijui," Kindi akasema, machozi yakimlengalenga.

"Haya, tuanzie hapo."

Hadithi yangu imefika mwisho, wanangu: anayeficha asichokijua hujinyima wa kumfundisha.