Mapipa ya Bwana Nguvila

Bwana Nguvila alikuwa na shamba kubwa, kitambi kikubwa, na geti lililoziba njia pekee ya kwenda kiwanda cha sabuni. Kila lori la asidi ya mafuta, malighafi ya sabuni, lililopita lilimwachia pipa moja. Mzigo ukifika umepungua, mwizi ni dereva. Dereva Atupakisye alishaitwa mwizi, na safari hii mzigo ukipungua tena angefukuzwa kazi.

Asubuhi moja alifika getini akipiga miayo, koti limefungwa hadi shingoni.

"Pipa," alisema Nguvila.

"Shikamoo, mzee. Leo jaza mapipa yako yote. Ila useme mbele ya vibarua wako: kisipotoka kitu, hunisimamishi tena hapa."

Nguvila aligonga tangi kwa fimbo. Limejaa. Akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Mwanamke mjinga huyu! Haya, nimesema. Leteni mapipa!"

Akafungua koki mwenyewe. Halikutoka hata tone. Akaizungusha, akaipiga teke, akaitukana, kisha akainama kuchungulia bomba kama anayetafuta panya. Vibarua wakaangua kicheko.

"Umelifanya nini tangi?"

"Mimi? Koki umeishika wewe, mzee. Fungua geti."

Akafungua.

Kiwandani walipitisha mvuke kuzunguka tangi, na mzigo ukatiririka wote.

"Mbona uliganda hivi?" aliuliza fundi.

"Nililala nao kule juu mlimani kwenye baridi," alijibu Atupakisye, akivua koti. "Ukikosa joto unakuwa jiwe. Yule mzee ameuiba miaka yote hiyo, na hajui hata anachoiba."