Ndege Asiyeshiba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, maghala na majirani wambea kama sisi, alikuwapo Ngiri. Jibaba la meno hilo! Na kiburi kilimjaa mpaka ncha ya mkia.

Msimu wa mavuno Ngiri alipiga hodi kwa jirani yake mdogo, Bi Kindi. Akakaribishwa njugu, akazifakamia. Bi Kindi alipouliza, "Bwana Ngiri, una shida gani?" alikaripiwa palepale.

"Huna adabu wewe! Mgeni haulizwi neno mpaka ashibe! Na hajashiba mpaka wanawe nao washibe!"

Akala, akala, kisha akabeba njugu zote zilizobaki, eti za wanawe. Majirani walisikia, wakaogopa yale meno, basi maneno yake yakawa sheria ya kijiji. Kiangazi kilipoingia, njugu zilikuwa tele ghalani kwa Ngiri, na watoto wa Bi Kindi walikuwa wakilamba maganda.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja Ngiri alichomoza kichwa mlangoni kwake, na macho yakamtoka.

"Mama Vishavu! Mama Vishavu, njoo uone!"

Mkewe akatoka mbio. Lahaula! Juu ya kichuguu kilichokuwa mbele ya nyumba yao alisimama ndege. Kichwa chekundu kama pilipili! Kifua cha manjano, mgongo wa kijani, na mkia wa buluu umesimama wima kama fagio! Pori zima halijapata kuona kitu kama kile.

Majirani wakajaa.

"Ni korongo yule," alisema Nyumbu.

"Korongo mfupi vile? Acha hizo," Fisi akamkatiza. "Hizo rangi ni za nyumbani kwa sultani. Bila shaka ametumwa kutafuta waziri."

Waziri! Moyo wa Ngiri ulipiga pu, pu, pu. Hakumjua ndege yule hata kwa dawa, lakini alijitoma mbele ya wote.

"Hamumjui? Basi mjueni leo. Huyo ni shemeji yangu!"

Ninyi mmeshamtambua? Hebu nyamazeni, Ngiri bado.

"Hodi!" akalia yule ndege kwa kijisauti chembamba.

"Karibu, shemeji! Karibu ndani!"

Njugu zikaletwa bakuli tele, na maganda yake. Mgeni akaanza kula. Kacha! Kacha! Kacha!

Mama Vishavu aliangusha kata ya maji. "Baba Vishavu! Ndege ana meno!"

"Meno?"

Ngiri akainama, akachungulia. Ni kweli! Mawili, ya mbele, meupe pee! Nywele za mgongoni zikamsimama zote. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia ndege mwenye meno, na sasa amekaa kwenye mkeka wake, anatafuna njugu zake.

"She... shemeji," alianza, "hivi wewe ni..."

"Weee!" Fisi alipiga kelele mlangoni. "Unamuuliza mgeni kabla hajashiba? Sheria yako mwenyewe! Tena shemeji yako!"

Ngiri akafunga mdomo, fwap!

Bakuli likaisha. Likaletwa la pili, nalo likaisha. Mgeni akajifuta midomo.

"Na wanangu je?"

"Wa... wanao?"

"Nasikia kwenu mgeni hajashiba mpaka wanawe washibe."

Ngiri aligeuka mlangoni. Majirani walikuwa wanamtazama. Akajaza kikapu, mgeni akaondoka nacho, na jioni akarudi na kikapu kitupu. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa yake. Kacha, kacha, na kikapu, na kikapu!

"Baba Vishavu, ghala linakwisha," mkewe alinong'ona akiwa analia. "Wanetu watakula nini?"

"Vumilia, mke wangu. Uwaziri uko njiani."

Siku ikafika Mama Vishavu akafagia ghala, akapata vumbi tu. Ngiri aliingia mwenyewe, akapapasa kila pembe, asiamini. Hakuna njugu hata moja! Akatoka, na kijiji kizima kimejaa uani.

"Shemeji," alisema, "umeshiba?"

Mgeni alijipapasa tumbo. "Nimeshiba, na wanangu wameshiba. Sasa uliza."

Ngiri akasogea karibu.

"Wewe... wewe ni ndege gani?"

"Ndege?" mgeni alishangaa. "Nani alikwambia mimi ni ndege?"

Akashika nyoya jekundu, akalibandua. Bandua la manjano, bandua la kijani! Manyoya ya kuokota yakaanguka chini na ulimbo wake, na katikati yake akasimama Bi Kindi, masikio yamesimama, mkia umetimka.

"Njugu zangu zimerudi nyumbani," alisema. "Ahsante kwa ukarimu, shemeji!"

Ngiri alitoa mguno mmoja tu, "Hnnnk!" akamrukia. Lakini Bi Kindi, paa! alishafika juu ya mti. Fisi alicheka akaanguka, na Nyumbu akasema, "Ama kweli, Ngiri ana ukoo mpana!"

Kesho yake watoto wa Ngiri walilia njaa mpaka sauti zikawakauka. Baba yao alikwenda chini ya mti wa Bi Kindi, kichwa ameinamisha.

"Hodi."

"Nani wewe, na unataka nini?" Bi Kindi aliuliza kutoka juu.

Ngiri alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Ameulizwa, na hata kukaa hajakaa! Akatazama huku na huku, kijiji chote kinasikiliza. Wala hakutaja adabu.

"Ni Ngiri," alisema polepole. "Naomba njugu za watoto."

Kikapu kikateremshwa kwa kamba. "Hizi ni za watoto," alisema Bi Kindi. "Wewe kachimbe mizizi."

Naye Ngiri akaenda kuchimba. Basi wanangu, ukitaka kumtungia mwenzako sheria, kwanza ijaribu nyumbani kwako uone kama utalala umeshiba.