Redio ya Diwani Aliyepumzishwa

Tulikuwa wanne sebuleni kwa Mwalimu Namsifu Senkondo, Jumamosi tarehe 12 Juni 2010, saa sita mchana. Wa kwanza ni Mwalimu mwenyewe, mwenye blogu ya siasa iliyoitwa Habari za Kata. Wa pili, Bwana Yeriko Mkwizu, karani mstaafu wa masjala. Wa tatu, Bibi Nakijwa Mbaga, fundi cherehani. Wa nne ni mimi, niliyefuata chai.

Yeriko alijaliwa jicho: herufi ikikaa vibaya, aliiona kabla ya kulisoma neno. Nakijwa alijaliwa miguu. Mlima uliotutoa jasho saa mbili, yeye aliumaliza kwa saa moja, tena akiongea njia nzima. Mwalimu alijaliwa subira. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini.

Simu ya Mwalimu ikalia mara tatu. Watu watatu, ujumbe mmoja: "Mheshimwa Eliakunda Mndeme amepumzika."

Eliakunda alikuwa diwani wetu. Mama yake, bibi kizee mwenye ugonjwa wa moyo, aliishi Dar es Salaam kwa binti yake, na kila siku saa nane mchana alisomewa blogu ile. Alichoandika Mwalimu, alikiamini. Sote tulijua habari kama hiyo ingemfanya nini.

Simu ya diwani haikupatikana. Kule kwake juu mtandao haukufika. Mwalimu akaandika tanzia. Kilichobaki ni kubonyeza.

"Ngoja," akasema Yeriko, akivaa miwani. "Mheshimiwa ina i mbili. Wote watatu wameruka ya pili."

"Mtu kafa, Mzee Yeriko, wewe unasahihisha imla?" Nakijwa akamkemea.

"Watu watatu hawakosei palepale, mama. Hawa si mashahidi watatu. Ni mmoja, amenakiliwa."

Nakijwa akavaa kandambili. "Basi naenda kumtazama. Nikimkuta maiti, nitalia hukohuko."

Mwalimu akabaki mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Blogu nyingine ya wilayani ikatangaza msiba. Wasomaji wakaanza kumwandikia: "Mwalimu, umelala?" "Wamekununua usiseme?" Nakiri kwamba hata mimi nilimwambia abonyeze.

"Mtoto akichelewa kujibu sikumchapa," akaniambia. "Na wewe usinichape."

Saa nane kasorobo Nakijwa akaingia, kanga imelowa jasho. "Yuko bandani anakata majani ya ng'ombe, kanuna huyo! Chama kimemtoa kwenye orodha ya wagombea. Amepumzishwa! Mtu kasikia amepumzishwa, kaandika amepumzika."

Tulicheka mpaka Yeriko akavua miwani ajifute machozi. Saa nane bibi kizee alisomewa kwamba mwanawe hatagombea tena. Binti yake ndiye aliyenisimulia alichojibu: "Afadhali. Sasa atapata nafasi ya kuja kunisalimu."

Wiki iliyofuata Eliakunda aliteremka na redio ya mbao aliyoachiwa na baba yake. Akaiweka mezani. "Mpeni aliyenizuia kufa," akasema, akaenda zake bila kutaja jina.

"Bila jicho langu msingeshuku," alisema Yeriko.

"Bila miguu yangu mngeshuku mpaka leo," alisema Nakijwa.

"Na bila mimi," alisema Mwalimu, "mngekuta kashazikwa kwenye blogu."

Kwa kuwa hawakukubaliana, redio ilikaa miezi minne kwa kila mmoja, mwaka baada ya mwaka, na kila ilipohama tulikunywa chai na ubishi ukaanza upya. Zilikuwa chai nzuri. Siku hizi blogu imefungwa, na kompyuta ya Mwalimu imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nakijwa anahamia Morogoro kwa mwanawe, hivyo redio haiwezi kuzunguka tena. Wameniomba niamue, nami nimeshindwa.

Wewe unayenisikiliza, redio ungempa nani: aliyeshuku, aliyekwenda, au aliyengoja?

Sisi tulikuwa tumepatana kupanda Jumapili tukamwulize mwenyewe. Eliakunda Mndeme alifariki Ijumaa, saa tatu asubuhi. Nimethibitisha kwa mkewe.