Hodi kwa Malkia Asiyelala

Hadithi hii siwezi kuisimulia nimekaa. Nikikaa, miguu inaniwasha. Niacheni nitembee huku na huku mbele yenu, nanyi nipeni masikio. Vidole vyenu viwe tayari pia, maana mwishoni nitamtaka mtu aandike.

Makambako, mji wa upepo na malori, palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Vaileth. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Alikuwa mkalimani wa picha katika banda la video la Mgaya: picha inaongea Kiingereza, yeye anashika maiki na kuisema Kiswahili papo hapo. Wakalimani wengine hutia chumvi mpaka jambazi wa Ulaya anaapa kwa mizimu ya Wabena. Vaileth hakuongeza neno. Akisema mtu katukanwa, jua katukanwa hivyo hivyo.

Wa pili ni Sanga, dereva wa lori. Kipaji chake kilikuwa njia. Barabara aliyoipita mara moja hakuisahau tena, na alijisifu kwamba tangu azaliwe hajawahi kupotea. Lori lake liliharibika gia hapo Makambako, akawa anasubiri kifaa kutoka Dar. Kusubiri kulimshinda, akahamia bandani.

Wa tatu ni Lwidiko, fundi wa masweta. Kipaji chake kilikuwa mikono. Haikutulia hata akiwa anakula. Mashine ya kufumia ikizimwa, vidole viliendelea kufuma hewa, na akishika padi ya gemu hukuviona vikigusa vitufe, uliona tu maadui wakianguka.

Mgaya mwenye banda aliona wateja wa picha wanapungua, akaleta gemu. Niwaambie habari za gemu hilo, na niseme ukweli, kwa sababu kuna watu hulisifu bila kulicheza na wengine hulikandia bila kuliona.

Ni habari ya ufalme usiolala. Malkia alikuwa na mtoto, mtoto akalala jioni moja asiamke tena. Malkia kwa uchungu akaumeza usiku wote. Tangu hapo hakuna aliyefumba macho katika nchi ile. Waokaji wanaoka tu, walinzi wanalinda tu, wazee wanazunguka visima wakisahau walichofuata. Wewe mchezaji ni msafiri asiye na jina, na kazi yako ni kuwarudishia usingizi wao.

Kisa kizuri, au siyo? Mapigano nayo matamu: ngao ina uzito wake, upanga una uzito wake, ukikosea unajua umekosea wapi. Lakini safari ndefu kupita kiasi. Farasi mjinga, anakwama kwenye vichaka ambavyo hata mbuzi angevipita. Na mwisho wake uliniudhi, nasema waziwazi. Unavunja geti kubwa, unapanda kasri, unamuua malkia, muziki unapigwa. Kisha ukitazama chini mjini, taa zote bado zinawaka. Hakuna aliyelala. Sasa tumefanya nini?

Banda zima liliuliza hivyo hivyo siku ile Lwidiko alipomaliza. Watu walitoka wakinung'unika kama waliokuja harusini wakakuta wali umeungua.

Kumbe hata watengenezaji walijua. Wakatangaza kwamba gemu lina mwisho wa pili, umefichwa, na dunia nzima hakuna aliyeufikia. Atakayeufikia ataandika jina lake humo ndani. Mwenye jina hilo, mtu mmoja tu, ataitwa akakae nao watengeneze gemu la pili pamoja.

Hapo ndipo usingizi ulipotutoka na sisi. Maana kila mmoja kati ya wale watatu alikuwa na sababu ya kuondoka. Vaileth alishaambiwa na Mgaya kwamba picha siku hizi zinakuja zimeshatiwa Kiswahili, kwa hiyo ukalimani wake utakoma mwezi ukiisha. Sanga alipigiwa simu na tajiri wake kwamba gia ikifika, lori litaendeshwa na mwingine. Lwidiko baba yake alimwekea mashine ya pili ya kufumia, akamwambia, hii ndiyo mkeo, utazeeka nayo. Basi wakaanza gemu upya wote watatu, mmoja akisema, mmoja akielekeza, mmoja akicheza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Umeme ulikatika, Mgaya akawasha jenereta, na mvua ikaanza kupiga bati. Lwidiko alifika tena kwenye geti kubwa, akalivunja kama kawaida. Malkia akatokea ghorofani, akasema neno.

Mara ya kwanza hakuwa amesema kitu pale. Banda likapiga kelele: anasemaje, anasemaje? Kati ya mvua na jenereta, Vaileth hakusikia hata silabi moja. Watu wanamtazama, maiki iko mdomoni. Yeye ambaye maisha yake hakuwahi kuongeza neno, akasema, "Anasema, mgeni gani wewe unaingia kwangu bila hodi?"

Watu waliona aibu, nami niliona, kana kwamba ni sisi tuliokanyaga sebule ya mtu kwa viatu vya matope. Lwidiko akaweka padi chini. Akasema ni kweli, tangu mwanzo tunavunja tu, hata yeye angekasirika. Akairudisha safari nyuma, kabla ya geti kuvunjwa, akaligonga kwa ngao. Walinzi wakamshukia, akafa. Akagonga tena, akafa tena.

Sanga alikuwa amesimama nyuma, anatingisha funguo za lori asilokuwa nalo. Akasema geti lile ni la serikali, mtu hapigi hodi kwenye geti la serikali. Hodi hupigwa kwenye mlango wa nyumba, na katika nchi yote ile mlango wa nyumba uliofungwa aliuona mmoja tu.

Aliuona lini? Siku hiyo hamuijui, basi nitawaambia. Wiki ya kwanza ya gemu Sanga alimwelekeza Lwidiko akate kushoto kwenye kinu cha maji, wakatokea kwenye ukungu na majani marefu, mwisho wa njia pana kibanda chenye mlango mdogo wa mbao. Mlango haukufunguka. Watu wakamcheka dereva siku hiyo. Alishikilia kwamba ilikuwa njia ya mkato. Ukweli alikuwa amepotea, mara moja tu tangu azaliwe, na aliikumbuka njia ile kwa hasira kuliko zote.

Sasa akawaongoza. Kata kushoto kwenye kinu, acha mto upande wa mkono wa kulia, usimfuate farasi. Wakaukuta mlango. Juu yake palichongwa mtoto mdogo amelala, yule wa malkia, nasi siku ile hatukuwa tumetazama.

Lwidiko akagonga kwa ngao, akatulia kidogo kama mtu mwenye adabu, akagonga tena, akatulia, akagonga ya tatu. Kutoka kwenye ukungu wakaja walinzi wasiolala, mikuki mbele. Mikono ya Lwidiko ikafanya kilichozoeleka: ikageuka na kuwalaza wote chini. Mlango ukabaki umefungwa. Banda likalalamika. Vaileth akamwambia polepole, mbali na maiki, "Mdogo wangu, nani anayefungulia mtu anayepigana mlangoni?"

Akarudia. Akagonga mara tatu. Walinzi wakaja. Safari hii Lwidiko aliiweka padi mapajani, akaikalia mikono yake.

Nawaambia, nimeona vita nyingi katika magemu, lakini sijawahi kutaabika kama nilivyotaabika kumtazama kijana yule akiwa hafanyi kitu. Mkuki wa kwanza ukaingia. Mstari wa uhai wake, ule mwekundu unaokaa juu ya kioo, ukapungua. Watu wakamsihi apigane, mwingine akataka kumnyang'anya padi. Mstari ukabaki uzi tu.

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho. Walinzi wakasimama. Ndani sauti ya mwanamke ikauliza, na kwa kuwa mvua ilishapungua, Vaileth safari hii alisikia vizuri, akaitafsiri bila kuongeza wala kupunguza.

"Nani?"

Kisanduku kikatokea kwenye kioo, cheupe, kina nafasi ya jina moja. Hakikuwa na nafasi ya majina matatu, wala mawili. Chini yake paliandikwa kwamba malkia huuliza mara tatu, asiyejibu hufungiwa mlango, na mlango huo haufunguliwi tena.

Hapo urafiki ukaingia mchanga. Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba hakuna kati yao atakayeshika padi. Wakampa Mgaya, mwenye banda, kwa kuwa yeye hataki kwenda popote. Mgaya akajaribu utani kwamba jenereta ndiyo iliyofanya kazi kuliko wote. Hakuna aliyecheka.

Vaileth alidai kwamba wazo ni lake. Bila neno la hodi, wangekuwa bado wanavunja geti. Sanga alidai kwamba wazo bila mlango ni maneno ya kijiweni. Aliyeuona mlango ni yeye, aliyewafikisha ni yeye. Lwidiko alisema mengine yote ni kusema na kuelekeza, mikuki ilimwingia yeye.

Watu wa bandani wakaanza kuwachambua, na mjuavyo watu, hawakuanzia kwenye mema. Mmoja akamkumbusha Sanga kwamba mlango ule aliupata kwa kupotea. Sanga akafura, akasema ilikuwa njia ya mkato, kisha akazitazama funguo zake na kukiri kwamba ndiyo, alipotea. Mwingine akamuuliza Lwidiko ataenda kuwaambia nini wenye gemu, kwamba alishinda kwa kukaa? Lwidiko akajibu kwamba kukaa ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na anayebisha ajaribu kukalia mikono yake.

Vaileth peke yake hakuwa na wa kumshambulia. Wengi walishaanza kulitaja jina lake. Ningekuwa mimi ningenyamaza, na nawaapia hata ninyi mngenyamaza. Lakini yeye akaichukua maiki, akasema, "Sikusikia alichosema malkia pale getini. Neno la hodi nililitunga."

Banda likachafuka. Wengine wakasema basi ameshajitoa, mkalimani mwongo hawezi kupewa jina. Wengine wakasema ndiyo kwanza amestahili, kwa sababu hakuna aliyesikia kidokezo cha malkia, na ufunguo wote umetoka kichwani mwake. Dereva aliyepotea, fundi aliyekaa, mkalimani aliyedanganya. Vipaji vyao vilitufikisha kwenye geti, vikatuacha pale. Kilichofungua mlango ni siku moja moja ambayo kila mmoja alikwenda kinyume na kipaji chake.

Katika kelele hizo mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema mbona ni rahisi, mtu akiulizwa nani mlangoni hujibu nini siku zote? Hujibu "mimi." Mgaya, jasho linamtoka, akaandika MIMI. Watu wakashangilia, wakadhani ugomvi umekwisha. Herufi zikafutika zenyewe.

"Nani?" malkia akauliza mara ya pili.

Sasa jenereta inakohoa, petroli iko chini. Vaileth anamtazama Mgaya, na mwezi ukiisha Mgaya ndiye anayemwachisha kazi. Sanga ameacha kutingisha funguo. Lwidiko bado amekalia mikono yake, anaogopa kuitoa. Nyuma ya mlango kuna mama ambaye hajalala tangu mtoto wake alale, na mjini taa zote zinawaka, nchi nzima inangoja jina moja. Kidole cha Mgaya kiko juu ya kitufe. Ameinua macho, anatutazama sisi.

Nami nimechoka kutembea, nikae kidogo. Sitawaambia aliandika nini, maana kila banda nililosimulia waliandika jina tofauti, na kila banda waligombana.

Basi ninyi. Vidole viko tayari? Mkalimani aliyetunga hodi, dereva aliyepotea mpaka mlangoni, au fundi aliyegonga akatulia? Mlango uko wazi kiasi cha jicho, ugomvi umeshaila nafasi ya pili, na malkia anauliza mara ya mwisho: nani? Je, wewe ungemjibu jina la nani?