Maneno Kumi na Mawili ya Shamte Mpaka Chokaa

Hapo zamani, katika mji wa Tundwani, alitokea mgeni akaweka jungu la shaba katikati ya soko, akawafundisha watu fedha ya hewani, kisha akaenda zake bila kutaja jina, wala hakuonekana tena. Fedha hiyo haikuwa na chapa wala mlio, na hakuna aliyepata kuishika mkononi. Kila mwenye nayo alikuwa na maneno kumi na mawili ya siri, na akitaka kumpa mwenziwe huinama juu ya jungu akayanong'ona kwa mpango wake, jungu likatii. Jungu halikutazama sura ya mtu. Ayasemaye maneno ndiye mwenye mali, awe kadhi au mwizi wa kuku, na aliyeyasahau basi tena.

Bei nayo kila asubuhi ilikuja na lake. Jumatatu fedha moja ilinunua mbuzi, Jumanne ng'ombe, Jumatano ikarudi kununua fungu la mchicha. Ikawa kwa kinyozi hakuna mazungumzo mengine. Wako walioapa kuwa huo ndio utajiri wa wajukuu, na wako walioapa kuwa ni upepo mtupu, na hao wa upepo ndio waliotangulia alfajiri kwenda kuuliza bei.

Katika mji huo alikuwako maskini mmoja, jina lake Shamte, kazi yake kupaka nyumba za watu chokaa. Kanzu yake ilikuwa moja, na weupe wake ulikuwa wa chokaa, si wa sabuni. Zamani, fedha ya hewani ilipokuwa haina mtaka, tajiri mmoja alimlipa fedha arobaini badala ya ujira, akaingia ndani akicheka. Shamte na mkewe Mwanakheri wakaziweka. Sasa mwenye nyumba waliyopanga alikuwa amewaambia wainunue kabla ya mwezi kuisha au wahame, na kwa bei ya wiki ile zile arobaini zilitosha kuinunua, kasoro kidogo. Hawakuwa na kingine duniani.

Basi siku hiyo ikapigwa mbiu: "Sultani Jabiri, kwa shauri la Bwana Nasoro, mtunza hazina, anawahurumia raia wanaoibiwa na wanaosahau. Kila mwenye maneno ayalete hazina kabla ya Jumapili, na hazina itayalinda kwa gharama ya Sultani, yasipungue hata chembe. Asiyeleta, atoke mjini."

Mwadini muuza sabuni, jirani yake Shamte, aliyapeleka siku ileile, yameandikwa karatasini, yamo kisandukuni, kimetiwa muhuri wa lakiri. Kesho yake jungu likamwambia kuwa hana kitu. Akakimbilia hazina, na Bwana Nasoro akamtolea kisanduku kwa upole, akamhesabia. "Maneno yako haya hapa, bwana, yote kumi na mawili. Hakuna lililopungua."

Mwadini akarudi akakaa kibarazani kwa Shamte, akamweleza yote. Shamte akapima pande zote mbili. Akipeleka, yatampata ya Mwadini. Asipopeleka, atafukuzwa mjini, na nyumba ataisikia kwa watu. Usiku kucha hakulala, na mkewe vilevile.

Ilipofika Alhamisi asubuhi, Shamte akakunja mkeka, akachukua mto na kata ya kunywea maji, akaenda hazina.

"Kisanduku kiko wapi?" akauliza Bwana Nasoro.

"Hiki hapa, bwana wangu," akasema Shamte, akagusa kichwa chake.

Sasa, desturi ya hazina ile ilikuwa kwamba kila kiingiacho kipimwe kwa mizani, kiandikiwe hati, na kikipungua mtunza hazina alipe mwenyewe. Bwana Nasoro alikataa, lakini walinzi walikuwa wameisikia mbiu kwa masikio yao, na siku ya mwisho ilikuwa imekaribia. Wakampandisha Shamte mizanini. Akaonekana frasila tatu kasoro ratili mbili, akapewa hati, akatandika mkeka wake kati ya makasha ya dhahabu.

Usiku ule hakuweza kula kwa hofu, na asubuhi alipopimwa alikuwa amepungua ratili moja. Bwana Nasoro akatoka jasho, akaagiza pilau, maziwa na halua, akasimama palepale mpaka sahani ikawa nyeupe. Habari zikatoka nje. Jumamosi, siku ya mwisho, wakaja watu hamsini na watatu, kila mmoja na mto wake, wakapanga mstari mbele ya mizani, na mmoja wao alikuwa mkwe wa kadhi, mtu mnene wa kula kuku wawili. Dhahabu ikahamishiwa ukumbini ili watu wapate pa kulala.

Sultani akaja mwenyewe, amekasirika, na Bwana Nasoro nyuma yake.

"Ewe Shamte, nani kakuingiza humu?"

"Mbiu yako, maulana. Ilisema niyalete maneno. Yangu yamo kichwani, na kichwa hakitoki peke yake, nikaona nikilete pamoja na vilivyoshikana nacho."

"Si uyaandike karatasini?"

"Nikiyaandika yatakuwa mahali pawili, maulana. Uliamuru yasipungue, hukuamuru yaongezeke."

Sultani akavuta pumzi. "Mbona mimi yangu nimeyaandika? Yamo katika kisanduku nilichokitia lakiri kwa pete yangu, na Bwana Nasoro hajakifungua."

"Na maulana unayakumbuka bado?"

"Sultani hasahau. Sitayataja yote, nitakutajia machache ujue. Embe, ngazi, Alhamisi..." Hapo akakwama, akatazama dari.

Bwana Nasoro alikuwa na miaka ishirini barazani, na miaka yote hiyo, kila Sultani alipokwama katika jina la mgeni au katikati ya hotuba, yeye ndiye aliyemkumbusha ili asifedheheke. Kinywa chake kilikwisha zoea kwenda bila ya kumngoja.

"Kinu, maulana," akasema kwa adabu.

"Naam, kinu," akasema Sultani. Kisha akageuka polepole. "Nasoro. Kisanduku nilikupa kimefungwa."

Bwana Nasoro akaziba kinywa kwa mikono miwili, lakini neno lilikwisha kutoka. Kabla ya adhuhuri alisimamishwa mbele ya jungu, akarudisha mali ya Mwadini na ya wenziwe mbele ya soko zima, kisha akapelekwa gerezani. Sultani akaifuta mbiu yake. Chakula cha mchana hakukigusa kwa aibu.

Jioni akamwita Shamte, akamlipia nyumba yote, akampa hati ya nyumba mkononi. Shamte akalia waziwazi, wala hakujificha.

"Nawe hukuogopa," akauliza Sultani, "kwamba ningekupiga mpaka uyataje?"

"Niliogopa sana, maulana. Lakini ungepata sita tu. Mengine sita anayo Mwanakheri, na hatujapata kutajiana. Mmoja wetu hawezi kuuza bila ya mwenziwe kukubali, na ndiyo maana mpaka leo hatujauza."

Sultani akafikiri. "Mimi nina wake wanne."

"Basi buni maneno mapya, maulana, uwagawie matatu matatu, nawe usibaki na hata moja la kukutoka."

"Na wakipatana wakaninyang'anya?"

"Wamepata kupatana?"

"Tangu niwaoe hawajapatana hata juu ya chumvi ya mchuzi."

"Basi hazina hiyo haivunjiki."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Kisha akakiokota. "Ewe Shamte. Na mimi nikizitaka fedha zangu?"

Shamte alikwisha kuvaa viatu mlangoni. "Hapo, maulana," akasema, "itakubidi uwapatanishe."

Na waliokuwako wanasimulia kwamba mwaka ule mzima Sultani Jabiri hakukosa kula chakula cha jioni nyumbani kwake, pamoja na wake zake wote wanne.