Ng'ombe wa Ndahani na Mtama wa Kijani

Jani la kiangazi likinawiri, uliza limekula nini. Mmeisikia, wajukuu zangu, mkadhani ni maneno ya kuwakataza watoto matunda ya porini. Sivyo. Methali hii ilianza hivi.

Huko Ugogo palikuwa na shamba kubwa la mtama mtamu, ule unaokamuliwa bua na kutengenezewa spiriti ya kuendeshea magari. Sechelela alikuwa kibarua wa kumwaga mbolea ya urea. Mwaka ule bwana shamba aliamuru imwagwe mara mbili, mabua yanenepe upesi. Mvua ikakata. Mtama ukadumaa, haukufika hata kiunoni, ila majani yake yalikuwa kijani kibichi na bonde zima limebaki vumbi.

Kaka yake, Ndahani, alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Walikuwa wamekonda hata asubuhi hawasimami mpaka wainuliwe kwa mkia.

"Dada," alimwambia, "mtama ule wenye shamba wameshaukatia tamaa. Nifungulie lango, ng'ombe wapate japo siku moja."

Sechelela alisita. Hofu yake ilikuwa kufukuzwa kazi. Lakini alipowatazama wale ng'ombe, huruma ikamshinda. Akaondoa miba langoni kwa mikono yake.

Walikula kwa pupa. Ndahani alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mvua ilipokata. Jua halijafika utosini, dume likayumba, likapiga magoti, likawa linatweta. Akafuata mwingine, na mwingine. Ndahani alikimbia huku na huku akiwavuta pembe, akiwaita kwa majina yao. Kufikia alasiri hakusalia hata mmoja.

Daktari wa mifugo alipompasua mmoja, damu ilitoka rangi ya kahawa.

"Mtama huu umelishwa mbolea nyingi," alisema. "Ukikosa mvua haukui, na mbolea inabaki ndani ya bua na kuwa sumu. Nani aliimwaga?"

"Mimi," alisema Sechelela. "Na lango nimefungua mimi."

Ndahani hakumtazama. Nyama ilikatazwa kuliwa, akawazika ng'ombe wake wote, kisha akahama na wanawe bila kuaga.

Kiangazi kilichofuata, mtama ukiwa umemwagiwa tena mbolea na kukosa mvua, wafugaji wengine walifika na mifugo yao wakikitamani kijani kile. Walimkuta Sechelela ameziba lango kwa mwili wake. Walimwita mchoyo, wakamwita mchawi, mmoja akamsukuma. Hakubanduka. Alirudia maneno yale yale mpaka wakageuza mifugo yao: "Jani la kiangazi likinawiri, uliza limekula nini."