Sufuria Iliyovuka Kijito na Kurudi

Hapo zamani, chumvi ilipokuwa bado ikichemshwa wala si kuchotwa guniani, palikuwa na mji mmoja wa bara uliokatwa katikati na kijito. Huku walikaa watu wa Majikoni, kule walikaa watu wa Visimani. Walioana, walizikana, waliombana moto asubuhi. Lakini kila mwaka mvua zikikaribia kukatika, kabla mioto ya chumvi haijawashwa, kila upande ulitoa mpiga mieleka wake. Siku hiyo mtu alikuwa wa huku au wa kule. Wa katikati hakuwapo.

Kabla ya mieleka, ungo ulizungushwa nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilitia kitu: jogoo, jembe, shuka. Kilichokuwa kikubwa kiliguswa kwa ungo, kikawa kimeingia. Kisha wazee wa pande mbili walikaa wakalinganisha, mbuzi kwa mbuzi, jembe kwa jembe. Mpiganaji wenu akianguka, chako kinavuka kijito. Akiangusha, cha mwenzako kinakuja kwako. Na watu walikuwa na msemo wao: ungo haukatai kitu, wala haurudishi kitu.

Ungewaambia kwamba wanacheza kamari, wangekutazama wasikuelewe. Kamari, wangesema, ni ya wapagazi wanaorusha kete njiani wasijuane hata majina. Sisi tunajaza ungo.

Tena walikuwa na mwiko. Kuanzia ungo unapotoka hadi mtu anapoanguka, hakuna ruhusa kusema kwamba wetu ataanguka. Ukilisema, naye akaanguka, basi ni wewe uliyemwangusha.

Sasa, Majikoni palikuwa na mtu aitwaye Mihayo. Hakuzaliwa pale. Alikuja na msafara wa chumvi akiwa mpagazi, homa ikamlaza, msafara ukaondoka, akabaki. Akamwoa Nyamizi, binti wa pale pale, na Nyamizi akaja na sufuria ya shaba aliyorithi kwa mama yake, ambaye naye aliirithi kwa mama yake. Wengine walichemshia chumvi katika vyungu, na vyungu hupasuka. Sufuria ile haikupasuka. Kila mwanamke wa Majikoni aliijua kama anavyoijua sauti ya jirani yake.

Mwaka wa kwanza ungo ulipofika mlangoni, Mihayo alisema, "Samahanini, mimi sitii." Hakuna aliyegomba. Waliimba wakapita. Lakini msimu ule, alipokwenda kukata kuni za kuchemshia, alikwenda peke yake. Mama mkwe wake alipofariki, watu walikuja, ila walikuja jua limekwisha panda, wakaondoka na mapema.

Nyamizi ndiye aliyemwambia. "Baba Milembe, mwaka huu tia. Tia hata kuku. Nimechoka kuwa mke wa mgeni nyumbani kwetu."

Akatia kuku. Majikoni wakaanguka, kuku akavuka kijito. Mihayo alidhani ataumia. Kumbe watu wote wa mtaa walikusanyika uani kwa Bibi Kalunde, kila mmoja akasimulia alichopoteza, na kila aliyesimulia alichekwa. "Jembe langu!" "Afadhali jembe, mimi shuka, na baridi ndiyo hii!" Mihayo akasema, "Kuku wangu alikuwa anatamia." Wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu. Msiba wa wengi harusi. Alirudi nyumbani akiwa hana kuku, na kwa mara ya kwanza tangu homa ile, hakujiona amebaki nyuma ya msafara.

Tangu hapo alitia kila mwaka. Alishinda, alishindwa, hilo halikuwa neno kubwa kwake. Nyumba yake ilipoungua, watu wa Majikoni waliijenga upya kwa siku moja, wengine wakileta nguzo, wengine nyasi, hakuna aliyeulizwa wala aliyeomba. Usiniulize mtu kama huyo angeachaje kutia.

Basi ukafika mwaka ninaousimulia.

Mpiganaji wa Majikoni alikuwa kijana Lugendo, shingo kama kisiki. Aliyemkanda ni Kasanda, fundi wa viungo, jirani yake Mihayo na mtu aliyekula naye sahani moja. Siku chache kabla ya mieleka, bega la Lugendo lilichomoka mazoezini. Kasanda akalirudisha. Lakini mikono yake ilijua kwamba bega lile lilikuwa limekaa tu, halijashika. Lugendo akasema, "Mjomba, umeona kitu?" Kasanda akasema, "Sijaona kitu." Angesema nini? Mwiko ni mwiko.

Akamfuata Mihayo shambani. "Ndugu yangu, mwaka huu tia kuku."

"Kuku? Mwaka jana nilitia mbuzi."

"Nimesema kuku. Usiniulize zaidi."

Mihayo akamtazama, akaelewa. Akasema, "Haya, kuku."

Siku ya ungo Nyamizi alikuwa amekwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Ungo ulikuja na wimbo wake, umebebwa na Bibi Kalunde, kwa maana yeye ndiye aliyeurithi. Nyuma yake mtaa mzima.

"Ungo umefika, mwenye nyumba yumo?"

"Yumo, naye ni wetu!"

Nyumba iliyotangulia, mzee mmoja alikuwa ametoa ngozi ya ng'ombe anayolalia, na vigelegele vilikuwa bado havijanyamaza. Mihayo akatoka na kuku mkononi. Ndipo kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Loo, mgeni na kuku wake!"

Watu wakacheka. Kicheko hakikuwa kibaya. Kilikuwa kile kile cha uani kwa Bibi Kalunde. Lakini neno lile lilimwingia. Mgeni. Baada ya miaka yote ile, nyumba kuungua, binti kukua. Akasimama na kuku anayepiga mabawa. Akamwachilia. Akaingia ndani, akatoka na sufuria ya shaba kichwani.

Bibi Kalunde aliijua sufuria ile. Mkono wake ulisita, na waliokuwa karibu waliuona ukisita. Akauliza polepole, "Mwanangu, mwenyewe anajua?"

Mihayo akasema, "Nyumba ni moja, Bibi."

Bibi akavuta pumzi. "Ungo haukatai kitu," akasema, akaigusa sufuria kwa ukingo wa ungo. Vigelegele vikapanda hadi Visimani wakavisikia.

Kasanda alikuwa katika umati ule. Hakupiga kigelegele. Aliondoka akisema anafuata mizizi ya dawa, akamfungua mtamba wake, ng'ombe jike pekee aliyekuwa naye, akavuka naye kijito. Akawaambia wazee wa Visimani, "Mtamba huyu, kwa sufuria ile ya shaba."

Walimcheka. "Fundi, umepotea njia? Ungo wenu uko kule."

"Nimeona njia vizuri. Je, wenu unakataa?"

Ungo wao nao haukukataa kitu.

Siku ya mieleka Lugendo alisimama vizuri, akashika vizuri, na alipovutwa mkono wa kulia alianguka kama mlango ulioachiwa na bawaba. Majikoni wote walishindwa. Ulikuwa mwaka wa kutia vikubwa, na kilichoondoka kilikuwa kingi: vyungu, mbuzi, majembe, ngozi ya yule mzee.

Nyamizi alirudi kutoka kwa dada yake siku ya kukabidhi. Alipitia kijitoni, akakuta pande mbili zimesimama ukingoni na sufuria ya mama yake iko kati ya vitu vya kuvuka. Wanawake wakamnong'oneza yaliyotokea mlangoni kwake, hata mkono wa Bibi Kalunde ulivyosita. Alimtazama mumewe, na Mihayo akatazama maji.

Mzee wa Visimani akainyanyua sufuria. "Mwenye mtamba na ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu wa Visimani. Alijitokeza Kasanda, kutoka upande wa Majikoni, akiwa amesimama bega kwa bega na walioshindwa. Aliingia majini, akapanda ng'ambo, akapokea sufuria, akajitwika, akarudi. Akaitua chini, miguuni pa Mihayo.

"Kumbe tulikuwa tukila na mtu wa ng'ambo!" mtu akasema. Mwingine akatema mate. Lugendo, mkono ukiwa umefungwa, akasema, "Mjomba, uliniambia hukuona kitu."

Bibi Kalunde akainua mkono, wakanyamaza. "Jambo hili halijapata kutokea," akasema. "Kitu kimevuka na kimerudi. Kila mwenye neno aseme."

Akaanza Nyamizi. "Mimi sina maneno mengi. Sufuria ni ya mama yangu. Iliyoitia katika ungo ni mikono isiyo ya mwenyewe. Bibi, wewe uliijua. Uliuliza, hukungoja jibu langu. Mwizi akitia ng'ombe wa mtu katika ungo, ng'ombe amekuwa wa ungo?"

Sauti moja ya mwanamke ikatoka nyuma: "Lakini, mama Milembe, ni nani aliyemfundisha kutia?"

Nyamizi akageuka. "Ni mimi. Nilimwambia atie kuku."

Akasema Kasanda. "Shemeji, ningekaa kimya, leo sufuria ingekuwa jikoni kwa mtu wa Visimani, nawe usingekuwa na hata cha kudai. Nilimweka mtamba wangu. Lugendo angesimama, ningempoteza. Nimeshinda kwa haki ya ungo. Sikusema kuhusu bega, kweli. Ni nani kati yenu angenisikiliza asinilaumu? Na leo nimejitokeza mchana, mbele yenu, nikijua kwamba mimi na nyinyi tumemalizana. Mnadhani nimelipa kidogo?"

"Basi irudishe kwa mwenyewe," mtu akasema.

Kasanda akasema, "Nilipoivukia nilikuwa na nia hiyo. Lakini mmenitemea mate. Kesho nani ataniletea bega lake nilikande? Nitakula nini? Kwa sufuria hii, walau nitachemsha chumvi."

Akasema Bibi Kalunde, mwisho. "Wazee walituachia neno: anayetia ng'ambo, faida yake ni ya mtaa. Si langu, ni la wazee. Tazameni. Vyungu vyenu vimevuka. Mioto iwashwe kesho kutwa, mtachemshia nini? Sufuria moja, zamu kwa zamu, mtaa unapita msimu. Nyumba ya Mihayo ilipoungua, tuliuliza nguzo ni ya nani?"

"Na mkono wako uliosita, Bibi?" Nyamizi akauliza.

"Ulisita," Bibi Kalunde akasema. "Ningekataa kitu chake, siku ile ningemwambia mbele ya wote kwamba yeye si wetu. Niliona ni afadhali aumie mfukoni."

Watu, kidogo kidogo, wakamgeukia Mihayo, maana yeye ndiye aliyeitia, na wakakubaliana kwamba atakayempa yeye, ndiye mwenyewe.

Mihayo akaitazama sufuria. Akimpa mkewe, mtaa utachemshia mikononi, na ungo utapita mlango wake kama ulivyopita mwaka ule wa kwanza. Akimpa mtaa, atalala nyumba moja na mwanamke aliyenyang'anywa mama yake mara ya pili. Akimpa Kasanda, atakuwa amemlipa mtu pekee aliyemwonya, na huenda wawili hao wakabaki peke yao, kila mmoja mgeni wa mwenzake.

Akainama, akaishika sufuria kwa mikono miwili, akainyanyua. Nyamizi hakunyoosha mkono. Kasanda hakunyoosha mkono. Bibi Kalunde alikuwa ameushika ungo mtupu.

Hapo ndipo mimi nilipoachiwa hadithi, na hapo ndipo ninapowaachia. Nimeisimulia kwa watu wa huku na kwa watu wa kule, na kila mtu hujibu upesi, akamshangaa jirani yake aliyejibu tofauti. Basi semeni nanyi, ila kwanza kila mmoja aangalie amekaa karibu na nani: sufuria ile ya shaba, nani alistahili kuondoka nayo?